Kazi ya bodi na rangi imefanywa ovyo: fidia ya haki ni ipi, na niidai vipi?

Mwenye Gari

Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba ushauri wa wanaoifahamu kazi ya bodi na rangi za magari, na wa wale wanaoifahamu sheria inayomlinda mtu aliyelipia kazi ya ufundi ikafanywa ovyo. Nitaeleza kwa urefu kidogo ili anayejibu asilazimike kukisia.

Gari langu liligongwa ubavuni, upande wa kushoto kuelekea nyuma. Mlango wa nyuma ulibonyea, bati la ubavu juu ya tairi likaingia ndani, na bampa likachomoka upande mmoja. Nilipopiga hesabu niliona kwamba kiasi ambacho bima ingenitaka nichangie mwenyewe kinakaribiana na gharama ya matengenezo, kwa hiyo nikaamua kulipa kutoka mfukoni. Gereji ilinipa makadirio ya maandishi yanayosema kwamba ubavu utanyooshwa, mlango utaondolewa na kuwekwa mpya, na sehemu zote zitakazoguswa zitapulizwa rangi ili zilingane na gari zima. Nililipa sehemu kubwa kabla ya kazi kuanza, nikamalizia siku ya kukabidhiwa gari, jioni, ndani ya jengo lenye taa hafifu.

Kulipokucha, gari likiwa juani, kasoro zilijionyesha zenyewe. Mlango wa nyuma umekoza kuliko wa mbele, kiasi kwamba hata mtoto anauona mpaka. Ukichutama karibu na taa ya nyuma na kuutazama ubavu kwa mshazari, ukingo wa paa la nyumba unaoakisiwa kwenye rangi unapinda, unanyooka, kisha unapinda tena kabla ya kufika mlangoni. Juu ya tairi kuna chembe za vumbi zilizoganda ndani ya rangi, chini ya kifuniko cha tangi la mafuta rangi imechuruzika ikakauka hivyo hivyo, na raba ya dirisha imerukiwa na rangi ambayo haitoki kwa kitambaa. Mlango haufungi mpaka uubamize, na gari likishika kasi upepo unapiga mluzi kwenye kona ya juu. Lililonikera zaidi ni kwamba mvua iliponyesha, zulia la buti lililowa upande huo huo wa kushoto, na kabla ya ajali halikuwahi kulowa.

Niliporudi gereji niliambiwa kwamba gari lililogongwa haliwezi kurudi kuwa kama lilivyotoka kiwandani, na kwamba wako tayari kulisugua na kuling'arisha bila malipo. Sikuridhika. Naona nina haki ya kurudishiwa fedha zote, kulipiwa kazi ya kurekebisha kwenye gereji nyingine, kupakiwa rangi gari zima ili lifanane, na kufidiwa kwa muda wote niliokosa gari, kwa kuwa nalitumia kupelekea wateja bidhaa. Je, madai hayo yanasimama? Je, ni lazima niwape wao wenyewe nafasi ya kurekebisha, ilhali nimeshapoteza imani nao? Na nikusanye ushahidi gani ambao hawataweza kuupinga?

Fundi Rangi

Pole sana, ndugu. Kazi hii nimeifanya kwa muda mrefu, na inaniuma ninapoona mteja anaambiwa kwamba kung'arisha ni dawa ya kila kasoro. Kung'arisha kunaondoa vumbi lililokaa juu juu, kunapunguza mchuruziko mwembamba, na kunasafisha rangi iliyorukia kioo. Hakunyooshi bati wala hakubadilishi rangi iliyokosewa. Tena kuna mpaka wake: tabaka la juu linalong'aa, ambalo sisi mafundi tunaliita klia, kwa kawaida lina unene wa mikroni 40 hadi 60 tu (mikroni 1,000 ni milimita moja), na kila unapolisugua unapunguza kinga ya rangi dhidi ya jua. Ukiwaruhusu walisugue sana ili kuficha kasoro, baada ya muda klia itaanza kubabuka, na hapo utaambiwa kwamba ni matumizi yako mabaya.

Nitakueleza chanzo cha kila kasoro, kwa sababu mteja anayejua chanzo hababaishwi.

Mawimbi unayoyaona ubavuni yanatokana na puti, yaani lile rojo la kujazia mabonde ambalo hukauka likawa gumu. Bati linatakiwa lirudishwe kwanza mahali pake, ama kwa nyundo na chuma cha kushikizia kwa nyuma, ama kwa kuvutwa kutoka nje, mpaka yabaki mabonde madogo tu. Puti ni ya kumalizia, na wengi wetu tunashika kanuni kwamba isizidi takriban milimita 3 ikishasuguliwa. Fundi mwenye haraka huliacha bati lilivyo, akajaza puti nene, akaisugua kwa msasa alioushika kwa vidole badala ya kuufunga kwenye ubao mrefu, halafu akapuliza rangi kabla puti na praima, yaani rangi ya chini ya kutangulizia, hazijakauka sawasawa. Puti ya namna hiyo huendelea kunywea chini ya rangi, mikwaruzo ya msasa ikaanza kujitokeza, na pale ukingoni mwa tairi, ambako bati linatikisika kila gari linapotembea, ikapasuka. Kwa hiyo usishangae hali ikizidi kuwa mbaya hata kama hutafanya lolote. Piga picha sasa, na upige tena baadaye.

Kuhusu rangi, namba ya rangi iliyoandikwa kwenye kibati cha gari ni mwanzo tu wa kazi. Namba moja inaweza kuwa na aina kadhaa zinazotofautiana kidogo, na gari lenyewe limeshapigwa na jua. Fundi mwangalifu hupuliza kwanza kwenye kadi ya majaribio, akaitoa nje na kuilinganisha na gari kwenye mwanga wa mchana. Rangi ikiwa na chembechembe za metali, ugumu unaongezeka, kwa sababu chembe hizo hulala tofauti kulingana na msukumo wa hewa na jinsi rangi ilivyokuwa mbichi wakati wa kupulizwa, na ndiyo maana mlango unaweza kuonekana sawa ukiutazama kwa mbele na ukaonekana umekoza ukiutazama kwa pembeni. Dawa yake inajulikana katika kila gereji inayojiheshimu: rangi mpya inafifishwa taratibu kuingia kwenye sehemu ya jirani, kisha sehemu hiyo ya jirani inapigwa klia yote. Katika gari lako, mlango wa mbele ulipaswa kuhusishwa. Hilo ndilo unaloweza kulidai kwa uso mkavu. Gari zima kupakwa rangi silioni kuwa la lazima, na nikiitwa kutoa maoni yangu nitasema hivyo hivyo.

Maji ndiyo yananitia wasiwasi kuliko rangi. Yanapita sehemu chache zinazojulikana: kwenye mpira wa taa ya nyuma, kwenye matundu ya kutolea hewa yaliyojificha nyuma ya bampa, au kwenye maungio ya bati yaliyochomelewa bila kuzibwa kwa gundi yake maalumu. Ondoa zulia la buti, mtu mmoja aingie ndani na tochi, mwingine amwage maji taratibu kwa nje akianzia chini na kupanda juu. Ukianzia juu maji yatateremka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Rekodi video ya zoezi zima. Bati lililochomelewa bila kupakwa dawa ya kuzuia kutu kwa ndani, kisha likawa linalowa, huoza kutoka ndani, na wewe utaona malengelenge kwenye rangi wakati kutu imeshakula sana.

Mlango nao una hadithi yake. Pima mwanya kati ya mlango na ubavu, juu, katikati na chini, kisha upime upande wa kulia. Katika magari mengi mwanya huo huwa kati ya milimita 3 na 5, na jambo la muhimu zaidi ni kwamba unapaswa kulingana kutoka juu hadi chini. Ukiwa finyu juu na mpana chini, ama bawaba hazikurekebishwa, ama fremu ya mlango yenyewe imepinda kwa ajali na haikuvutwa. Bawaba hurekebishwa kwa muda mfupi. Fremu iliyopinda inahitaji mashine ya kuvutia na vipimo vya mtengenezaji, na hapo ndipo ninapouliza kama gereji hiyo ina vifaa vyenyewe.

Mwisho, tafuta kipima unene wa rangi. Wanaokagua magari ya mitumba wengi wanacho. Rangi ya kiwandani mara nyingi husoma kati ya mikroni 100 na 180. Sehemu iliyopakwa tena bila puti husoma zaidi ya hapo, mara nyingi mia mbili na kitu au tatu. Ukiona mikroni 1,000 na kuendelea, hiyo ni milimita nzima, na si rangi peke yake. Pima paa na mlango wa mbele ili upate kipimo cha kulinganishia, na kila unapopima piga picha ambayo namba na sehemu ya gari vinaonekana pamoja. Bampa la plastiki usilipime kwa kifaa hicho, kwa kuwa vile vya kawaida husoma juu ya chuma na alumini tu.

Mwanasheria

Ndugu Mwenye Gari, pole. Naomba nianze na jambo ambalo huenda usilipende: madai yako, kama ulivyoyapanga, yanalipwa mara mbili. Ukirudishiwa fedha zote na wakati huo huo ukalipiwa kazi ya kurekebisha, utakuwa umetengenezewa gari bure. Fidia ya kuvunjwa kwa mkataba inalenga kumweka aliyeumizwa mahali ambapo angekuwa lau kazi ingefanywa ipasavyo. Na lau ingefanywa ipasavyo, ungekuwa na gari lililonyooka na ungekuwa umelipa bei mliyokubaliana. Kwa hiyo msingi wa dai lako ni gharama ya kuifikisha kazi pale ilipoahidiwa. Gharama hiyo inaweza hata kuzidi kiasi ulichowalipa, kwa sababu kubomoa kazi mbaya na kuanza upya ni kazi kubwa kuliko kuifanya mara moja vizuri. Bei uliyolipa si dari ya fidia, mradi gharama unayoidai ni ya busara.

Kipimo cha kazi yenyewe ni uangalifu na ujuzi unaotarajiwa kwa fundi wa fani hiyo. Gereji inaposema gari haliwezi kurudi kuwa la kiwandani, inasema jambo lenye ukweli kidogo, kwani sheria haidai ukamilifu. Lakini hapa hatujadili ukamilifu. Makadirio yao wenyewe yanasema rangi italingana na gari zima. Hiyo ni ahadi waliyoiandika kwa mkono wao, na itapimwa kwa maneno yake.

Je, ni lazima uwape nafasi ya kurekebisha? Sheria nyingi zinaelekea huko. Sheria ya haki za walaji ya Uingereza ya mwaka 2015 inamtaka mtoa huduma kwanza airudie kazi kwa gharama yake, ndani ya muda wa kadiri na bila kumsumbua mteja kupita kiasi. Ikishindikana ndipo mteja anapostahili kupunguziwa bei, hata kufikia kurudishiwa yote. Kanuni ya Kiraia ya Ujerumani nayo inamtaka mteja atoe muda maalumu wa kurekebisha, na muda ukipita bila mafanikio anaweza kurekebishiwa kwingine na kudai gharama, kupunguza bei, au kudai fidia. Hata mahali ambapo utaratibu huo haujaandikwa waziwazi, mwamuzi atakuuliza kama uliwapa nafasi, kwa sababu aliyeumizwa naye ana wajibu wa kutoikuza hasara yake. Ila nafasi ya kurekebisha haina maana ya kukubali njia wanayoitaka wao. Unaweza kuwapa nafasi na wakati huo huo ukakataa kung'arisha, ukisema kwa maandishi kwamba kasoro hizi haziponi kwa njia hiyo, na kuwataka waeleze watafanya nini, kwa vifaa gani, na watamaliza lini.

Kuhusu kupaka rangi gari zima, ipo kesi ya Uingereza ambayo inasomwa na kila mwanafunzi wa sheria ya mikataba katika nchi zilizorithi mfumo huo: Ruxley dhidi ya Forsyth, iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa mwaka 1995. Mteja aliagiza bwawa la kuogelea lenye kina cha futi 7 na inchi 6. Akajengewa la futi 6 na inchi 9, ambalo hata hivyo lilifaa kuogelea na kupiga mbizi. Alitaka gharama ya kulibomoa na kulijenga upya, pauni 21,560. Mahakama ilikataa, kwa kuwa gharama hiyo haikulingana hata kidogo na faida ambayo angeipata, ikaridhia apewe pauni 2,500 kwa kukosa raha aliyoilipia. Ukidai gari zima, wakati fundi mwenzetu hapo juu anaeleza kwamba kufifisha rangi kwenye mlango wa mbele kunatosha, utakuwa umewapa gereji hoja ya kulidhoofisha dai lako lote, hata sehemu zake zilizo imara.

Kipato ulichokosa kina kesi yake pia, Hadley dhidi ya Baxendale ya mwaka 1854. Mhimili wa mashine ya kinu cha kusaga huko Gloucester ulivunjika, wasafirishaji wakachelewa kuufikisha kwa watengenezaji, na kinu kikasimama. Wenye kinu walinyimwa faida waliyoikosa, kwa sababu hasara hiyo haikuwa ya kawaida katika hali ya namna ile, wala mazingira yake maalumu hayakuwa yameelezwa kwa wasafirishaji. Swali linalokuhusu ni hili: je, gereji ilijua kwamba gari ndilo linalokupa riziki? Kama upo ujumbe uliowaandikia ukiwahimiza kwa sababu wateja wako wanasubiri bidhaa, uhifadhi vizuri, kwa kuwa thamani yake ni kubwa. Kama haupo, kaa kwenye gharama ya kukodi usafiri mwingine kwa muda ambao gari litakuwa gereji likirekebishwa, ukiwa na risiti. Na ukidai faida uliyokosa, dai iliyobaki baada ya kutoa mafuta na gharama nyingine ambazo hukuzitumia gari likiwa limesimama.

Mkadiriaji

Nimekuwa nikikagua magari yaliyopata ajali kwa niaba ya kampuni za bima na ya watu binafsi. Nakubaliana na Mwanasheria karibu kila mahali, ila natofautiana naye katika mpangilio. Kabla hujawapa gereji nafasi yoyote, gari likaguliwe na mtu asiyehusika nao. Wakishaligusa, ushahidi wa kazi ya kwanza unafutika: puti mpya itafunika ya zamani, silikoni itapakwa kwenye taa, na mtakachokuwa mnabishania hakitakuwapo tena. Ripoti ya ukaguzi iwe na picha, vipimo, na maoni kuhusu chanzo cha kila kasoro, kisha uombe makadirio ya kurekebisha kutoka gereji mbili zinazokadiria kazi ile ile kipengele kwa kipengele. Makadirio ya jumla yenye namba moja chini hayamsaidii mwamuzi, kwa sababu hawezi kupunguza sehemu na kubakiza sehemu; analazimika kuyakubali yote au kuyakataa yote, na mara nyingi huyakataa.

Tena nisingerudisha fremu iliyopinda kwa gereji isiyo na mashine ya kuvutia, hata kwa dakika moja. Kuna vyuma katika ubavu wa gari vilivyotengenezwa kuhimili mgongano, na vingine ni vya nguvu ya hali ya juu ambavyo vikipashwa moto hupoteza uimara wake. Kukataa kuwarudishia sehemu hiyo, ukiwa na ripoti inayoonyesha kwamba hawana vifaa, ni busara ambayo mwamuzi yeyote ataielewa. Sehemu ya rangi unaweza kuwaachia nafasi.

Ongeza jambo moja katika ukaguzi. Kama gari lako lina sensa za kuegesha au rada ya kuangalia pembeni, zimekaa nyuma ya bampa lile lile lililochomoka. Puti na rangi nene mbele ya rada huweza kuizuia isione sawasawa, na watengenezaji wengi wanakataza kabisa kutia puti eneo hilo. Sensa zikirudishwa kwa pembe isiyo yake, taa ya onyo inaweza isiwake na bado zikakudanganya. Zipimwe.

Soma pia mkataba wako wa bima, kwani mingi ina sharti la kuarifu kila ajali hata kama hudai chochote. Na kama aliyekugonga ndiye mwenye makosa, dai lako dhidi yake ni la uharibifu wa ajali, na la gereji ni la kazi mbovu. Yaendeshe kila moja kwa faili lake. Ukiyachanganya, kila upande utausukuma mzigo kwa mwenzake.

Mwenye Gari

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimepima kwa kifaa. Paa na mlango wa mbele vinasoma kati ya mikroni 110 na 130. Ubavu unaanzia 700 na kuna mahali juu ya tairi panapita 1,500. Lakini kilichonishtua ni mlango wa nyuma, ule ulioandikwa katika makadirio na kwenye ankara kuwa ni mpya: ukingoni unasoma 240, na katikati, mahali palipokuwa pamebonyea, unapita 1,000. Nilipoivuta raba ya ndani nikakuta mkwaruzo ambao ulikuwapo kabla ya ajali na unaonekana katika picha zangu za zamani.

Nilipowaambia, walinitumia karatasi ya kusaini. Wanasema watanirudishia sehemu ndogo ya fedha na kuling'arisha gari, nami nikubali kwamba sitakuwa na madai mengine yoyote. Nifanyeje?

Fundi Rangi

Mlango mpya hauwi na milimita nzima ya puti katikati. Huo ni mlango wako wa zamani, umejazwa na kupakwa rangi. Usiufungue zaidi wewe mwenyewe. Mwache mkaguzi aivute raba mbele yako na kuupiga picha mkwaruzo huo, pamoja na lebo au muhuri wowote uliomo ndani ya mlango, ili isije ikasemwa kwamba uliutengeneza.

Mwanasheria

Usisaini. Karatasi hiyo ikishasainiwa, maneno "sitakuwa na madai mengine" yanaufunga mlango wa kutu itakayotokea, wa fremu, na wa kila kitu ambacho ukaguzi haujakifikia bado.

Ugunduzi huu unaligawa dai lako sehemu mbili zenye uzito tofauti. Ubavu, rangi, na maji ni kazi iliyofanywa bila ujuzi. Mlango ni kitu ulichouziwa na hukupewa, na ankara inayosema kwamba ulipewa. Kwa upande wa mlango sioni sababu ya kukuambia uwape nafasi ya kurekebisha: dai kurudishiwa bei yote ya mlango kama ilivyoandikwa kwenye ankara, pamoja na ujira wa kuubadilisha, au dai gharama kamili ya kuwekewa mlango mpya kwingine. Chagua moja kati ya hizo mbili, kwa sababu niliyoieleza mwanzoni. Katika nchi nyingi, kumwandikia mteja ankara ya kitu kisichokuwapo ni kosa pia chini ya sheria za kulinda walaji, na taasisi inayosimamia sheria hizo hupokea malalamiko. Lakini katika barua yako usiwatishie polisi ili wakulipe. Eleza ukweli na uache uzito wake ufanye kazi.

Barua iwe fupi. Itaje tarehe ya makadirio na ya ankara, iambatishe nakala zake, ieleze kasoro moja moja kwa maneno ya ripoti ya mkaguzi, na itofautishe mlango na kazi nyingine. Kisha iseme kiasi unachodai na namna ulivyokipata: makadirio ya gereji nyingine kwa ubavu, kwa rangi na kwa kuziba maji, bei ya mlango, gharama ya ukaguzi, na ya kukodi usafiri kwa muda wa matengenezo. Kwa rangi peke yake waweza kuwapa nafasi ya kuirudia, ikiwa watakubali kuufifisha mlango wa mbele na wewe ukague kazi mchana kabla ya kulipokea gari. Weka tarehe ya mwisho ya kujibu, na useme kwamba ikipita utapeleka shauri kwenye mahakama ya madai madogo au chombo cha usuluhishi kilicho karibu nawe. Itume kwa njia inayoacha uthibitisho wa kupokelewa, na kuanzia hapo mazungumzo ya simu yafuatiwe na ujumbe unaoeleza kilichozungumzwa.

Wakikutumia fedha pungufu kabla hamjakubaliana, waandikie siku hiyo hiyo kwamba umezipokea kama sehemu tu ya unachodai. Wakiziambatanisha na sharti kwamba ndizo mwisho wa madai, zirudishe.

Maji hayasubiri barua. Mkaguzi akishamaliza na video ikiwapo, peleka gari likazibwe mara moja kwenye gereji nyingine, bati likaushwe na kupakwa dawa ya kutu, na mipira itakayotolewa ihifadhiwe kwenye mfuko wenye tarehe. Risiti ya kazi hiyo iongeze kwenye dai, kwa kuwa ni gharama uliyoingia ili hasara yao isikue mikononi mwako.